Moyo Ukisimama, Nani Aendeshaye Damu?

Muhula uliopita, katika somo la Baiolojia la Kidato cha Pili hapa Mitole, niliandika ubaoni maneno haya: "Moyo ukisimama, mtu hufa." Maneno hayo nimeyaandika mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wameyanakili bila kuuliza. Mara hii binti mmoja wa mstari wa pili alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, moyo wangu mimi ulisimama kwa muda wa saa moja na nusu, nami nipo hapa."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, wala hakuongeza neno. Nikakumbuka kwamba binti huyo alikosa masomo karibu muhula mzima, na ya kuwa hakimbii katika michezo. Nakiri pia kwamba siku moja nilipata kumgombeza mbele ya wenzake nikimwita mvivu.

Baada ya kipindi nilimwita, akanieleza. Alikuwa amepasuliwa moyo Dar es Salaam. Madaktari walimwambia mama yake kwamba moyo utasimamishwa ili kilango kibovu kitengenezwe, na kwamba mashine itafanya kazi yake mpaka watakapomaliza. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, madaktari wote mikono yao ilikuwa kifuani mwangu. Hiyo mashine aliishika nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Yeye na mama yake wameniruhusu kuandika, ila jina silitaji. Nawaandikia na ninyi nyote, kwa sababu aliyeishika mashine ile alikuwa na kazi yake maalumu, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu aliyeanzia masomo katika shule kama hii yetu.

MOYO NA KILANGO KIBOVU

Moyo ni pampu mbili zilizoungana. Upande wa kulia hupokea damu iliyotumika na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu iliyopata oksijeni mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Katikati ya vyumba vyake mna vilango, viitwavyo vali, vinavyoiruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja.

Binti yetu aliharibika kilango cha upande wa kushoto. Ugonjwa ulianzia kooni alipokuwa shule ya msingi. Bakteria aitwaye streptokoka huumiza koo, na kama hakutibiwa, kwa baadhi ya watoto mwili hupigana naye kwa namna inayoudhuru mwili wenyewe. Viungo huvimba na kuuma, homa hupanda, na vilango vya moyo huingia makovu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Koo hupona, lakini kilango hakirudi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo mtoto mwenye koo liumalo pamoja na homa apelekwe zahanati mapema. Penisilini ni dawa ya bei ndogo, na aliyekwisha kuugua homa hiyo huchomwa sindano yake kila baada ya majuma 3 au 4 ili isimrudie.

Kilango kikishaharibika sana, hapana budi kipasuliwe. Na hapo ndipo taabu inapoanzia. Fundi hawezi kushona tundu la mfuko ambao unapigapiga na kujaa damu. Wala huwezi kuusimamisha moyo hivi hivi, kwa kuwa ubongo ukikosa damu dakika 4 hadi 6 tu, mwili ukiwa na joto lake la kawaida, huanza kuharibika. Daktari ahitaji saa nzima au zaidi, na ubongo hauwezi kumpa hata dakika 10.

MASHINE ILIVYOPATIKANA

Daktari mmoja wa Marekani, John Gibbon, alikesha usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1930 kando ya mgonjwa ambaye damu iliyoganda ilimziba mshipa wa mapafu. Akawaza: kama ingewezekana kuitoa damu yake, kuitia oksijeni nje ya mwili, kisha kuirudisha, labda mama huyu angepona. Akaanza kujaribu, akifanya kazi bega kwa bega na mkewe Mary, ambaye alisaidia kuijenga na kuiendesha mashine yao. Kazi ile iliwachukua zaidi ya miaka 20.

Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, mashine ya Gibbon ilifanya kazi ya moyo na mapafu ya msichana mwenye umri wa miaka 18, Cecelia Bavolek, kwa muda wa dakika 26. Tundu lililokuwa ndani ya moyo wake likashonwa, naye akapona. Lakini wagonjwa wawili waliofuata walikufa, na Gibbon akaiweka kando mashine yake kwa huzuni.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, daktari Walton Lillehei alijaribu njia nyingine. Mtoto alilazwa karibu na mzazi wake, mishipa yao ikaunganishwa kwa mipira, na moyo na mapafu ya mzazi yakawafanyia kazi wote wawili. Watoto wengi walipona kwa njia hiyo, lakini operesheni moja iliweza kuwaua watu wawili. Kwa hiyo mashine iliporekebishwa mwaka 1955 njia ile iliachwa.

Tarehe 3 Desemba 1967, huko Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Dunia nzima ilijua jina la Barnard. Wachache walijua kwamba kando ya meza walikuwapo watu walioendesha mashine, miongoni mwao mwanamke kijana aitwaye Dene Friedmann. Bila wao Washkansky asingalifika hata nusu ya operesheni.

Hapa kwetu, kabla ya mwaka 2008, Mtanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo aghalabu alipelekwa ng'ambo, hasa India. Mwaka ule operesheni za kuufungua moyo zilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo lile lile. Wazee wetu wa Kilwa wakumbuka jinsi walivyongoja kivuko katika mto Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mgonjwa wa moyo, yeye alikuwa na mto na bahari vyote mbele yake.

MASHINE IFANYAVYO KAZI

Mwenye kuiendesha mashine hii huitwa pafyushenisti. Mimi katika makala haya nitamwita mwendesha mashine, ili sote tufahamiane.

Kwanza, mgonjwa hupewa dawa iitwayo heparini, inayozuia damu isigande. Damu yetu ina tabia ya kuganda ikigusa kitu kigeni, na mashine nzima ni kitu kigeni. Heparini aghalabu hutolewa katika matumbo ya nguruwe, jambo ambalo baadhi ya wazazi wetu huuliza. Wenye elimu ya dini hulijibu kwa mlango wa dharura ya kuokoa uhai. Mwendesha mashine hupima damu, na kwa kawaida haanzi mpaka kipimo kionyeshe kwamba damu yachukua zaidi ya sekunde 480 kuganda, badala ya dakika 2 au pungufu.

Pili, daktari hutia mipira katika mishipa mikubwa. Damu iliyotumika huteremka kutoka upande wa kulia wa moyo mpaka kwenye tangi. Pampu huichukua kutoka tangini. Aina moja ya pampu hufanya kazi kwa kuuminya mpira. Chukua mpira wa maji, ubane kwa kidole, kisha kivute kidole kuelekea mbele, utaona maji yakisukumwa. Pampu hiyo ina magurudumu yanayofanya vivyo hivyo mfululizo.

Tatu, damu hupita katika pafu la mashine. Ndani yake mna maelfu ya vijibomba vyembamba kama nywele. Damu hupita nje ya vijibomba, na oksijeni hupita ndani yake. Oksijeni hupenya kuingia katika damu na kaboni dioksaidi hupenya kutoka. Wanafunzi, hapa ndipo mtakapoliona somo la mpenyezo wa gesi likifanya kazi ya kuokoa mtu.

Nne, damu hupozwa au kupashwa joto kwa maji yapitayo kando yake, kisha huchujwa na kurudishwa katika mshipa mkubwa uitwao aota. Mwili ukipozwa, mahitaji yake ya oksijeni hupungua kwa kadiri ya asilimia 7 kwa kila digrii moja. Kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kushushwa kutoka digrii 37 hadi 32, au 28, na katika operesheni nyingine ngumu hata 18.

Tano, daktari huubana aota, na moyo hupewa maji yenye potasiamu nyingi. Moyo husimama, ukalegea na kupumzika. Kazi ikiisha, aota huachiwa, damu ya kawaida huingia katika misuli ya moyo, nao huanza kupiga tena. Mwendesha mashine hupunguza mwendo wa pampu kidogo kidogo, moyo ukiongeza, mpaka mashine haina kazi tena. Mwisho mgonjwa hupewa dawa ya kuiondoa nguvu heparini. Dawa hiyo, protamini, ilipatikana kwanza katika shahawa za samaki aitwaye samoni. Sisi watu wa pwani tumezoea kumshukuru samaki kwa kitoweo, na hapa tumshukuru kwa hili pia.

HESABU ZAKE

Wakati wa likizo nilikwenda Dar es Salaam, na ndugu mmoja akanikutanisha na mtu afanyaye kazi hii. Jina lake na la hospitali yake siyataji, kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Nilimwuliza ni elimu gani itumikayo zaidi. Akacheka akasema, "Mwalimu, ni hesabu za Kidato cha Pili, ila hapana ruhusa ya kukosa." Kisha akanionyesha. Nawaletea mfano wa mwanafunzi mwenye urefu wa sentimita 150 na uzito wa kilo 40.

Swali la kwanza: Pampu ipeleke damu kiasi gani? Hutafutwa kwanza eneo la ngozi ya mwili. Zidisha urefu kwa uzito, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili:

150 × 40 = 6,000. Kisha 6,000 ÷ 3,600 = 1.67. Kipeuo chake cha pili ni 1.29. Eneo ni mita 1.29 za mraba.

Kila mita moja ya mraba yahitaji kama lita 2.4 za damu kwa dakika. Basi 2.4 × 1.29 = lita 3.1 kwa dakika. Katika muda wa dakika 90, mashine itapitisha lita 279. Chukua ndoo zetu za lita 20 za kuchotea maji: ni ndoo 14 hivi. Na damu yenyewe mwilini mwa mwanafunzi huyo ni kama lita 2.8 tu, ikizunguka na kuzunguka tena. Kwa hiyo kila tone hupita katika mashine zaidi ya mara moja kwa dakika, na kosa dogo halina muda wa kungojwa.

Swali la pili: Heparini kiasi gani? Tukichukua yuniti 300 kwa kila kilo, 300 × 40 = yuniti 12,000. Mwenye kuhamisha nukta ya desimali akaandika 1,200 ataiona damu ikiganda ndani ya mashine. Hesabu hii hufanywa na daktari wa usingizi na kuhakikiwa na mwendesha mashine, kila mmoja kwa kalamu yake.

Swali la tatu: Damu itazimuliwa kwa kiasi gani? Mipira ya mashine haiwezi kuanza ikiwa mitupu, maana hewa ingeingia mwilini. Hujazwa kwanza maji maalumu yenye chumvi. Maji hayo huchanganyika na damu na kuizimua. Sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu huitwa hematokriti. Tuseme ya mwanafunzi wetu ni asilimia 36, damu yake ni mililita 2,800, na maji ya mashine ni mililita 1,200:

36 × 2,800 ÷ (2,800 + 1,200) = asilimia 25.2. Hiyo yaweza kuvumilika.

Sasa tuchukue mtoto wa kilo 16, mwenye damu mililita 1,200, na tumtumilie mashine ile ile:

36 × 1,200 ÷ (1,200 + 1,200) = asilimia 18. Damu imekuwa nyepesi mno.

Lakini tukimtumilia mipira mifupi na myembamba inayojazwa kwa mililita 400 tu:

36 × 1,200 ÷ (1,200 + 400) = asilimia 27.

Mwaona basi? Mwendesha mashine ameisaidia damu ya mtoto kwa kuchagua mipira tu, kabla mtoto hajaingia chumbani. Ama sivyo ingempasa kuongeza damu ya kuchangiwa.

JINSI YA KUJIFUNZA KAZI HII

Kazi hii si ya udaktari, lakini haipatikani kwa njia ya mkato. Nchi mbalimbali zina utaratibu wao. India hufundisha shahada ya kwanza ya kazi hii, yenye mafunzo ya vitendo hospitalini. Afrika Kusini, mathalan katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, mwanafunzi husoma teknolojia ya tiba na kuchagua tawi la kuendesha mashine ya moyo. Uingereza mwanafunzi huajiriwa hospitalini huku akisoma chuo kikuu. Marekani mwenye kutaka cheti hana budi awe amefanya kazi hiyo mara 75 chini ya mkufunzi.

Kwa mwanafunzi wa hapa kwetu, njia iliyo wazi ni hii. Katika Kidato cha Nne ajitahidi kupata alama nzuri katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Katika Kidato cha Tano na cha Sita achukue Fizikia, Kemia na Baiolojia. Baadaye asomee fani moja ya afya au vifaa vyake. Uuguzi, kwa mfano, husomwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na uhandisi wa vifaa tiba katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Akishapata kazi katika hospitali yenye upasuaji wa moyo, hutafuta nafasi ya kusomea mashine yenyewe, ndani au nje ya nchi. Katika nchi nyingi za Afrika wengi waliotangulia katika kazi hii walianza kama wauguzi au wataalamu wa usingizi.

Msidhani kwamba vitabu peke yake vyatosha. Mwanafunzi huanza kwa kutazama. Kisha hufundishwa kuifunga mipira na kuijaza maji, akitoa kila kiputo cha hewa kwa kuigonga mipira. Kisha huandika vipimo: msukumo wa damu, joto, oksijeni, mkojo, potasiamu. Huja siku akashika mwendo wa pampu, mkufunzi akiwa begani kwake. Hujifunza pia mambo ambayo huomba yasitokee kamwe. Umeme ukikatika, mashine ina betri. Na betri ikishindwa, kuna mkono wa chuma wa kuizungushia pampu. Mwanafunzi huzoezwa kuuzungusha kwa mwendo ulio sawa, kama sisi tuzungushavyo ndoo kisimani, ila yeye haruhusiwi kupumzika.

JAMBO ALILONIELEZA

Nilimwuliza yule bwana kama aliwahi kukosea. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya siku alipokuwa bado mwanafunzi, ng'ambo. Kati ya mipira ya mashine kuna mmoja wa kunyonya damu inayojikusanya ndani ya moyo. Yeye aliupitisha katika pampu kinyume. Kwa macho ulionekana sawa kabisa. Kama ungaliunganishwa na mgonjwa, badala ya kunyonya ungalisukuma hewa moyoni, na hewa ikifika ubongoni huua.

Lakini kabla ya kila operesheni husomwa orodha ya ukaguzi kwa sauti, neno kwa neno, hata kama waisomao wameifanya kazi miaka 20. Moja ya maneno yake husema: tia ncha ya mpira katika maji, washa pampu, tazama kama maji yanapanda. Alitia, akawasha, na maji yakatoa viputo. Mkufunzi wake hakumkemea. Alimwambia tu aufungue, aupitishe upya, na aianze orodha tangu mstari wa kwanza.

"Mwalimu," akaniambia, "juma lile lile nilikuwa nimepata alama 92 katika mtihani wa nadharia. Alama 92 hazikuuona mpira ule. Maji katika bakuli ndiyo yaliyouona."

Nilirudi Mitole nikiyawaza maneno hayo. Mara ngapi nimempa mwanafunzi alama zote ingawa hakuandika kama jibu lake ni lita au mililita? Mara ngapi nimesema "nimekuelewa" badala ya kumrudishia daftari? Tangu muhula huu jibu lisilo na kipimo halipati alama kwangu. Najua baadhi yenu mmenung'unika. Sasa mwajua sababu.

Naye mwenye kuitamani kazi hii ajue tabia zinazotakiwa. Awe mtu wa kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi bila akili yake kutoka nje. Awe mwepesi wa kusema "nimekosea" papo hapo, maana siri ya dakika moja yaweza kuwa msiba. Awezaye kujibu kwa sauti kila aambiwapo jambo, na kulirudia alivyoambiwa, ili asiwepo mtu wa kudhani. Wala asitafute sifa. Mgonjwa huamka akamshukuru daktari, na aghalabu hajui kama mwendesha mashine alikuwapo.

Binti yetu hakujua pia, lakini aliuliza. Nilimpa makala haya ayasome kabla hayajapigwa chapa. Akayarudisha siku ya pili na alama moja ya penseli: katika hesabu ya ndoo mimi nilikuwa nimeandika 13. Nimesahihisha. Nilimwomba radhi kwa siku ile niliyomwita mvivu, naye akaitika kwa heshima, kisha akauliza kama mtu mwenye kovu kifuani aweza kukubaliwa kusomea kazi hiyo. Nilimwambia kwamba kovu halisomi wala halifanyi mtihani, na kwamba afya yake ataamua daktari wake. Hisabati yake, hiyo nimeiona mwenyewe.

Na sentensi ya ubaoni nimeibadilisha. Sasa naandika: "Damu ikisimama, mtu hufa."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtu ana urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 72. Tafuta eneo la mwili wake, kisha lita za damu atakazohitaji kwa dakika.

2. Mtoto ana damu mililita 1,000 na hematokriti ya asilimia 35. Tafuta hematokriti yake mashine ikijazwa (a) mililita 400, (b) mililita 750. Ni mashine ipi utakayoichagua, na kwa nini?

3. Mgonjwa wa kilo 55 apewe heparini yuniti 300 kwa kila kilo. Jumla ni yuniti ngapi? Ikiwa kila yuniti 100 huondolewa nguvu kwa miligramu 1 ya protamini, zahitajika miligramu ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mgonjwa hupozwa wakati wa operesheni.

5. Mwenzako ana koo liumalo na homa, naye asema litapona lenyewe. Mwandikie barua fupi ya kumshauri.

Majibu yaletwe ofisini kwangu kabla ya kufunga shule. Kila jibu liwe na kipimo chake.